Samaki Katika Kikapu cha Githeri

Mutheu hanipigii simu siku hizi ila kukiwa na harusi au kifo, na nilipoona jina lake asubuhi ile, mapema kiasi kile, sikujisumbua kujiuliza ni harusi ya nani. "Sista amelala," alisema, na kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Na usianze kuuliza ilikuwaje. Alikuwa mzee, Awino. Wazee hulala." Nilicheka. Nilisimama kwenye korido ya kazini nimeelekeza uso ukutani, nikicheka na kufuta macho, na kule Kitui, ndani ya duka lake la sare za shule, nikamsikia Mutheu naye akifanya vivyo hivyo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua kunikataza swali kabla sijaliuliza. Hiyo ni tabia aliyojifunza mwaka ule tulioishi chumba kimoja pale kijiji cha Raila, Kibera, na ndio mwaka ninaotaka kuueleza hapa. Nilikotoka na walionizaa nitawaacha wapumzike. Hawamo katika habari hii.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Nilisomea falsafa, na jirani zetu walipoambiwa hivyo walikaa kimya kidogo, kama watu wanaosubiri nusu ya pili ya sentensi. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, kimebandikwa maboksi kwa ndani ili baridi isiingie, na maboksi yenyewe yalikuwa ya biskuti, kwa hiyo ukilala ukageukia ukuta ulikuwa unasoma mambo ya biskuti mpaka usingizi ukushike. Upande mmoja vitanda vyetu viwili, katikati pazia la maua, upande wa pili jiko, sufuria kubwa na madebe ya maji. Mutheu alipika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, alfajiri, na kuipeleka mchana kwa vibarua wa mjengo. Ili ifike ikiwa moto alikuwa na kikapu kikubwa kilichoshonewa mito ya vitambaa ndani, sufuria inaingia humo, mto mwingine unafunika juu, na hata saa za chakula cha mchana ukifunua mvuke unakupiga usoni. Kikapu hicho alikishona mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, wala kukiwekea nguo juu, wala kukisogeza bila kumwambia.

Siku za Jumamosi alimfulia nguo Sista Ndunge, muuguzi mstaafu aliyeishi katika mojawapo ya ghorofa za Highrise, ng'ambo tu ya vibanda vyetu. Sista alimwambia anahitaji mtu mwenye akili ambaye hana kazi. "Nikamwambia hiyo ndiyo maelezo yako kamili," Mutheu alinieleza jioni hiyo, akichambua maharagwe.

Sebule ya Sista nilipoiona mara ya kwanza ilinifanya nitake kutembea kwa vidole. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufumwa kwa mkono, kila kitambaa kimenyooshwa, na hewa ilinuka dawa ya kuulia viini. Ukutani palikuwa na tangi la kioo refu kama jeneza, na ndani yake, peke yake katika maji yote yale, samaki mmoja mnene wa rangi ya machungwa, mkia umechanika upande mmoja. Sista alikuwa akimmenyea minji, yaani njegere, za kuchemsha, punje moja moja. Aliniambia bila kugeuka kwamba tangi lilikuwa la marehemu mume wake. Enzi hizo lilikuwa limejaa. Halafu mzee akapita dukani Jumamosi moja, akanunua samaki wapya wazuri, akarudi nyumbani kwa furaha na kuwamimina wote humo, na maji yao ya dukani, siku hiyo hiyo. "Hata mwezi haukuisha," alisema. "Mzee wangu aliua wodi nzima. Alibaki huyu. Na sasa hata mzee mwenyewe hayupo."

"Sasa unataka nini, Sista?"

"Nataka wenzake. Huyu samaki ananiangalia mimi tu kutwa nzima. Hilo si jambo zuri kwa yeyote." Akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. "Lakini sitaki waje na ugonjwa. Wakae kwanza kwingine, mbali na hapa, mpaka tujue ni wazima. Wakimuua huyu, msichana, nyumba hii itabaki na mimi na friji."

Ndivyo kazi ilivyopatikana. Niliulizwa tu kama ninaweza kuangalia kitu kila siku na kusema ukweli kuhusu nilichokiona. Nimeulizwa maswali mengi katika usaili tangu wakati huo, na sijawahi kuulizwa lililo gumu zaidi.

Nilienda kwa miguu mpaka Kawangware, steji ya 56. Kati ya duka la misumari na mabati na saluni moja yenye redio ya kelele palikuwa na kibanda cha kijana aitwaye Karis, kimejaa vioo vya maji mpaka darini. Alinichagulia samaki watano wadogo wa jamii ya yule wa Sista. Nikamwona akichukua chupa na kumwaga dawa ya bluu ndani ya kila tangi alilopita, hili, lile, na lile, kama mtu anayenyunyizia mboga maji.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya stress."

"Samaki wana stress?"

"Kwani wewe huna?"

"Unajuaje inafanya kazi?"

"Si hawafi."

"Na wale wanaokufa?"

"Ah, hao walikuwa wagonjwa." Alinitazama kwa huruma. "Madam, unanunua samaki ama unanishtaki?"

Nilirudi nimeficha mfuko wa nailoni wenye samaki ndani ya jaketi ili maji yasipoe, mikono miwili tumboni. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa mlangoni pa saluni aliniuliza kwa upole, "Mtoto ako na miezi ngapi, mum?" Nikamwambia nimempata leo. Nilimwacha akiwaeleza wenzake.

Sista alikuwa ametoa maagizo kuhusu kuwapokea. Mfuko uelee kwanza ndani ya ndoo yao bila kufunguliwa, mpaka joto lilingane. Kisha maji ya ndoo yaongezwe mfukoni kikombe kwa kikombe, taratibu. Kisha samaki watolewe kwa wavu, na maji ya dukani yasiingie hata tone. Maji yetu ya ndoo yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba yana dawa inayoua samaki, kwa hiyo yalipaswa kukaa wazi kwenye beseni usiku kucha harufu iishe kabla ya kutumiwa. Mutheu alikaa kitandani akitazama yote haya, chai mkononi. "Mimi nilipotoka Kitui," alisema, "hakuna mtu alininyunyizia Nairobi kidogo kidogo."

Nilikatazwa kuingia sebuleni kwa Sista muda wote nikiwahudumia wageni. Nilitoa ripoti nikiwa nje, yeye ndani, mlango wa chuma wa vyuma vilivyosokotwa ukiwa katikati yetu umefungwa. Wamekula? Wameacha chakula? Nani analala upande? Mapezi yamefungwa au yamefunguka? Alisikiliza akiwa amefumba macho. Niliposema "nadhani," aliyafumbua. Nilianza kuacha kusema nadhani. Leo naona kwamba pale mlangoni, nikishikilia vyuma kama mfungwa, nilijifunza tofauti kati ya nilichokiona na nilichotaka kukiona, jambo ambalo walimu wangu walikuwa wamelizungumzia kwa miaka kadhaa bila kulifikia.

Ni Mutheu aliyeona doa la kwanza. "Mbona huyu amenyunyiziwa chumvi?" Nilipiga magoti. Kwenye pezi la mmoja palikuwa na chembe nyeupe, ndogo kama za chumvi ya mezani. Siku mbili tatu baadaye zilikuwa kwa wote, na walikuwa wakijisugua kwenye kuta za ndoo kama ng'ombe wenye kupe. Nikasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kila mtu mtandaoni alikuwa na tiba yake, na kila mmoja alimwita mwenzake mjinga, ila mambo mawili waliyakubali wengi: chumvi kidogo, na joto lisilobadilika. Chumvi tulikuwa nayo. Joto ndilo lililokuwa taabu, maana chumba cha mabati mchana ni tanuri na usiku ni jokofu.

Niliwaza kwa sauti, bila kumwambia mtu.  Nyuma ya pazia nikamsikia Mutheu akiinuka, akiburuta kitu. "Mchana ni yangu," alisema, akiweka kikapu chake katikati ya chumba. "Jioni mpaka alfajiri ni yao. Na nikipata gamba la samaki kwa githeri yangu, Awino, utaenda kuishi kwa huyo Sista, nje ya mlango."

Basi ikawa hivyo. Jioni ndoo iliingia kikapuni, mito pembeni, juu tukaacha wazi wapate hewa, na kabla ya kulala nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate mapovu. Alfajiri ndoo ilitoka, sufuria ikaingia. Tulikula vizuri majuma hayo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu tulikuwa na la kuzungumza. Githeri iliyokaangwa tena na vitunguu na hoho, chai ya tangawizi, na kukiwa na bahati, parachichi. Kuta zikiwa mabati, majirani nao walikuwa katika mazungumzo bila kualikwa. "Huyo msichana ni wa ziwani kweli?" tulimsikia mwanamume wa upande wa pili akimwambia mkewe. "Amefuga samaki, anawaangalia, anawafunika blanketi. Na hali samaki!" Mkewe akajibu, "Wewe hata mimi hunifuniki." Mutheu aliziba mdomo kwa mto. Na kule mjengoni wateja wake walimchokoza: "Mutheu, leo ni githeri ama ni omena?" Aliwajibu kwamba samaki wake wana adabu kuliko wao, maana wanalala mapema.

Kisha asubuhi moja madoa hayakuwepo. Samaki wote watano walikuwa safi, mapezi yamekunjuka. Mutheu aliinua mikono. "Bwana asifiwe!" Nilikimbia Highrise, na Sista, nyuma ya vyuma vyake, kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Walete."

"Bado, Sista." Nilikuwa nimesoma. Kile kijidudu kikishiba humwachia samaki, kikaanguka chini na kuzaa huko, kisha watoto wake hurudi kutafuta samaki tena. Siku madoa yanapotoweka ndiyo siku ndoo imejaa visivyoonekana. Nilimweleza hayo, na pengine nilimweleza kwa furaha nyingi kuliko ilivyostahili.

"Kwa hiyo wakionekana wagonjwa ni wagonjwa," alisema, "na wakionekana wazima ni wagonjwa."

"Ndiyo, Sista."

"Ulisema umesomea nini?"

"Falsafa."

"Nilijua tu." Lakini alikubali. Alirudi kwenye kiti chake kando ya tangi, na kupitia vyuma nilimwona akimmenyea samaki wake mzee minji.

Tukasubiri. Madoa yalirudi, machache, yakaondoka tena. Juma likapita bila doa, na jingine. Kila Sista alipouliza nilisema bado kidogo. Nilikuwa na sababu kila mara, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Mtu anayetilia shaka kila kitu hakosi sababu ya kungoja.

Mvua ilipoanza, kukawa na habari za kipindupindu. Watu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa ya maji, na mmoja wao, mama mwenye sauti kubwa na koti la kijani, alimkuta Mutheu peke yake. Aliona beseni letu la maji likiwa wazi sakafuni, likingoja kama lilivyongoja kila siku. Akamfokea. Maji wazi namna hii? Unataka kuzika nani? Mutheu, aliyewahi kumzika mdogo wake kwa ugonjwa huo huo, akachukua chupa ya dawa, akatia kwenye kila debe na kwenye beseni, kiasi alichoambiwa na kidogo zaidi kwa usalama, akafunika kila kitu vizuri kwa sahani. Nilirudi jioni, nikafunua beseni bila kujiuliza nani amelifunika, nikabadilisha maji ya ndoo kama kawaida. Mafua yalikuwa yamenibana, sikunusa kitu.

Samaki walianza kupanda juu wakihema, midomo nje ya maji. Kisha mmoja akalala ubavu. Mutheu alikuwa akiniambia habari za yule mama wa koti la kijani, akimwigiza, mkono kiunoni, na katikati ya sentensi akanyamaza. Aliangalia ndoo. Aliangalia beseni. "Awino," alisema, "niliweka dawa." Nje mvua ilikuwa ikitiririka kutoka mabatini. Alitoka bila viatu na sufuria yake ya githeri, ile kubwa, akaikinga chini ya paa, na tukawahamisha samaki humo kwa mikono mitupu.  Mpaka kunakucha walibaki wawili.

Nilitaka kwenda kwa Sista peke yangu. Mutheu alikataa. Alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kipya, na tukapita kwenye matope hadi Highrise, mimi nikibeba ndoo, wale wawili ndani yake katika maji ya mvua, kwa kuwa sikujua tena ni wapi pa kuiacha. Mlangoni, upande wetu wa vyuma, alianza kueleza kwa Kikamba, na Sista akamkatiza, "Sema Kiswahili, huyu naye asikie." Mutheu akasema yote: yule mama, beseni, dawa, kidogo zaidi kwa usalama. Hakutaja mdogo wake. Alimaliza kwa kusema kwamba kufua atafua bure mpaka Sista atakaposema imetosha.

 Kisha tukasikia kufuli. Mlango wa chuma ulifunguka, na mimi nikarudi nyuma kwa mazoea.

"Mutheu, kipindupindu kiko?"

"Kiko, Sista."

"Maji yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa wazi."

"Basi ulitaka nikuambie nini? Kwamba ungewaacha watu bila dawa kwa sababu ya samaki wangu? Ningekusikia umefanya hivyo, hapa usingekanyaga tena." Sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu anayegombana. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, na gauni lake lililolowa hivyo hivyo. "Watu kwanza. Hata mzee wangu nilimwambia. Watu kwanza, samaki baadaye. Umekunywa chai?"

Tulikunywa chai, na viazi vitamu vya kuchemsha, katika sebule ambayo sikuwa nimeingia kwa majuma mengi. Ndoo ilikuwa sakafuni kati ya miguu yangu. Wawili waliobaki walikuwa wakizunguka taratibu, wakiokota kitu chini, wakikitema. Ndani ya tangi yule mzee mwenye mkia uliochanika alikuwa amesogea kwenye kioo. Nilimwona Sista akimtazama yeye, kisha ndoo, kisha yeye tena, na mkono wake ukinyoosha kitambaa cha kiti ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

"Sasa," akaniambia. "Wamepona?"

"Kwa kweli, Sista, dalili za mwisho zilikuwa—"

"Dalili umeniletea kila siku. Nazijua kwa kichwa. Nakuuliza wewe."

Nimekumbuka swali lile mara nyingi kuliko mihadhara yote niliyoisikiliza. Nilijua kusema bado. Bado ingenilinda, hakuna ambaye angewahi kunilaumu kwa bado. Lakini watatu walikuwa wamekufa wakiwa katika kungoja huko huko, na kama tungewaachilia mapema, siku ile Mutheu alipoinua mikono, huenda wangemwua yule mzee wa tangini. Kote kulikuwa na kifo, na kote kulikuwa na sababu nzuri. Nilimtazama Mutheu anisaidie, naye alikuwa akiwatazama samaki ndooni. Nikatafuta ndani yangu uhakika, nikakosa. Nikatafuta tena.

"Leo, Sista," nilisema. "Tuwaachilie leo."

Hakuniuliza nina hakika gani. Alivua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya sweta, akaniagiza kikombe. Tuliwatia maji ya tangi kidogo kidogo, Mutheu akishikilia ndoo, na mwisho Sista mwenyewe akawachukua kwa wavu, mmoja, halafu wa pili. Yule mzee alirudi nyuma mpaka pembeni. Kisha akawafuata.

Kuanzia kesho yake nilianza kuzunguka kupitia Highrise kila asubuhi kabla ya kazi. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha tuisheni Kawangware, na njia ya Highrise haikuwa njia ya huko hata kidogo. Ilinipasa kutoka mapema, kupanda ngazi zote, kupiga goti mbele ya kioo na kutafuta chembe za chumvi kwenye pezi la yule mzee. Sista alinifungulia akiwa na kanga ya kulalia, akanitazama nikitazama, wala hakunicheka. "Amekula," aliniambia. Nilisema nimeona. Kesho yake nikarudi. Nilidhani itafika asubuhi moja ambayo nitasimama pale na kujua, kama mtu anavyojua jibu la hesabu, kwamba sasa imekwisha na nilisema kweli. Asubuhi hiyo haikuja. Kilichokuja ni siku moja ya kawaida, jua la mapema, watu wakimiminika kuelekea vibaruani, ambapo nilijikuta tayari niko steji ya 56, chaki mfukoni, nikimcheka Karis aliyekuwa akinipungia chupa yake ya bluu toka ng'ambo ya barabara, na ndipo nikakumbuka kwamba sikuzunguka kupitia Highrise.

Nilisimama pale kidogo, watu wakinipita. Kisha nikaenda kazini.